Somo: Kuujua tena Mombasa na watoto, kwa saa za chakula na saa za maji

Asalaam aleikum jamaa zangu.

Tulirudi Mombasa mwaka jana baada ya miaka 11 Maskati. Watoto wangu ni watatu: wa miaka 12, wa 9 na kitindamimba wa 4. Kiswahili wanakisema vizuri, alhamdulillahi, lakini mji walikuwa hawaujui. Kwao Mombasa ilikuwa nyumba ya nyanya yao, harusi mbili, na joto.

Jumamosi ya kwanza niliwapeleka ufukwe wa Pirates saa nne asubuhi. Maji yalikuwa yamepwa hadi mbali kabisa, mchanga umejaa mwani, jua limeshakuwa kali, na yule mdogo alilia hadi tukaondoka. Mchana tukaingia mkahawa mmoja mkubwa wenye kiyoyozi tukala biriani ya bei. Wali ulikuwa umetiwa rangi tu, rojo halina ladha. Wa kwanza wangu akaniuliza, "Mama, ndiyo hii biriani uliyokuwa ukituhadithia?" Sikuwa na la kumjibu, na iliniuma.

Usiku mamake mume wangu akaniambia, "Mji huu una saa zake. Nyinyi mwaenda kama mwaenda mol." Maneno hayo ndiyo somo lote. Mol hufunguliwa asubuhi na kila kitu kipo hadi usiku. Mombasa haiko hivyo. Mahamri yana saa yake, viazi karai vina saa yake, na bahari ina saa yake inayohama kila siku. Ukizijua hizo saa, matembezi mengi ni ya pesa kidogo na watoto hurudi nyumbani wamefurahi.

Hatua ya 1: Wiki mbili za kwanza, kuleni mtaani kwenu

Msiende mbali bado. Asubuhi, baina ya saa kumi na mbili unusu na saa tatu, ni wakati wa mahamri na mbaazi za nazi. Karibu kila mtaa una mama anayepika mlangoni kwake; uliza jirani mmoja tu utaonyeshwa. Chukua bakuli lako la mbaazi, na umchukue mtoto mmoja akabebe mahamri. Kila siku mtoto mwingine. Hamri zuri huvimba likawa tupu ndani, na ukilipasua iliki inakupiga puani kabla hujalitia mdomoni. Ukifika saa tatu na nusu utaambiwa yamekwisha, na mtoto atajifunza kuamka.

Mchana kaeni ndani, mpike kwenu. Jua la saa saba halina matembezi.

Baada ya alasiri mji unaanza kunukia tena. Viazi karai na ukwaju wake, bhajia, mishkaki, kachiri za muhogo zinazokaangwa mbele yako na kutiwa pilipili na ndimu. Usiku kuna muuza kahawa na dele lake la shaba, kahawa chungu yenye tangawizi, na kashata pembeni.

Anzeni kwa kile ambacho watoto tayari wanakijua. Hili naliona kubwa kuliko yote katika hatua hii. Wangu walikataa viazi karai siku ya kwanza kwa sababu ya ile rangi ya manjano. Lakini mishkaki hawakuhitaji kubembelezwa, kwa kuwa Oman nyama hiyo huchomwa kando ya barabara na jina lake ni hilo hilo, mishkak. Basi tukawa tunakwenda kula mishkaki, na mwenye mishkaki ana jirani anayeuza viazi. Siku ya tatu wa 9 aliomba mwenyewe.

Kuhusu tumbo: wiki ya kwanza wape kile kilichotoka kwenye mafuta au moto sasa hivi, na matunda ya kumenya wenyewe. Juisi ya miwa na vitu vya barafu viacheni wiki ya pili au ya tatu. Maji ya kunywa bebeni kutoka nyumbani.

Hatua ya 2: Mji wa Kale kwa miguu, na Ngome

Nendeni asubuhi, saa mbili mko njiani. Anzieni Ngome ya Yesu, yaani Fort Jesus, kisha mshuke Ndia Kuu taratibu. Chukueni vitambulisho, kwa sababu mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni.

Mimi nilisoma shule hapa na sikuwahi kuipenda Ngome. Ilikuwa ni ziara ya darasa, mwalimu anasoma tarehe na sisi tunangoja soda. Niliipenda mwaka jana, kwa ajili ya mwanangu mkubwa. Maskati tulikuwa tukipita mara kwa mara karibu na ngome mbili zilizo juu ya majabali bandarini, Al Jalali na Al Mirani. Alipoona kuta za Fort Jesus alisimama akasema, "Hii ni kama ya kwetu kule." Na kweli. Wareno waliozijenga zile katika miaka ya 1580 ndio waliojenga hii baina ya 1593 na 1596. Waomani wakawafukuza Maskati mwaka 1650, halafu wakawafuata hadi huku, wakaizingira Ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 ndipo ikaanguka. Ndani yake mtaiona Nyumba ya Waomani. Mtoto aliyekuwa akilia kwamba ametolewa kwao akagundua kwamba baina ya kwao na kwetu watu wamekuwa wakienda na kurudi kwa mamia ya miaka. Tulikaa pale saa tatu, na mimi nilikuwa nimepanga saa moja.

Kama watoto wenu wamekulia kwingine, tafuteni uzi wenu. Uko tu.

Wadogo waambieni kwamba ukiitazama Ngome kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali, kisha wawaonyeshe kichwa kiko wapi na mikono iko wapi. Wa kwangu wa miaka 4 alilizungukia hilo hadi tukatoka.

Baadaye piteni msikiti wa Mandhry, ambao ni wa mwaka 1570, mtazame mnara wake. Mkibahatika mkakuta mkate wa mofa unatoka tanurini, nunueni, mle ukiwa moto. Ni wa mtama, na ukipoa unakuwa mgumu. Mkitokea upande wa Marikiti, nunueni viungo, mabuyu na achari, na Mtaa wa Biashara waacheni mabinti wasome majina ya leso. Wangu alisoma Kiswahili kingi katika saa moja ya leso kuliko mwezi mzima wa vitabu.

Hatua ya 3: Tazameni mwezi kabla ya kwenda pwani

Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Huku kwetu, siku za bamvua maji huwa yamepwa kama saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kama saa kumi au kumi na moja, jioni na alfajiri. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na asubuhi ya saa nne ndipo yamejaa.

Kwa anayefuata kalenda ya Kiislamu ni rahisi mno. Mwanzo wa mwezi na katikati yake ni bamvua; tarehe 7 au 8, na 21 au 22, ni maji mafu.

Basi mkitaka kuogelea asubuhi na mtoto mdogo, chagueni siku za maji mafu. Mkitaka kuogelea jioni, bamvua ni nzuri, maji yanawafuata hadi karibu na minazi, lakini watoto wasiachwe peke yao hata kidogo. Na mkitaka kutembea juu ya mwamba kuona kaa, nyota za bahari na samaki wadogo walionaswa vidimbwini, nendeni asubuhi ya bamvua, na kila mtu avae viatu vya plastiki kwa ajili ya wale wadudu wa miiba myeusi. Maji yakianza kurudi, nanyi rudini. Msingoje.

Hatua ya 4: Jioni moja Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari

Hii haina maelezo mengi. Saa kumi na moja, mkae ukutani, madafu mkononi, kachiri katikati, mibuyu nyuma yenu. Meli za Kilindini hupita karibu hadi unasoma jina lake bila ya darubini. Watoto wahesabu makontena. Pamefanywa upya mwaka 2019 na sasa pana nafasi ya kukimbia.

Hatua ya 5: Tokeni kisiwani

Feri ya Likoni pekee ni matembezi kwa mtoto wa miaka 4. Anayevuka kwa miguu halipi. Epukeni asubuhi na jioni watu wanapokwenda na kurudi kazini, na mshikane mikono wakati wa kushuka.

Kaskazini, nendeni Haller Park, Bamburi. Wengi huenda kwa ajili ya twiga, na twiga ni wazuri, mtoto anawalisha kwa mkono wake. Ulizeni langoni saa ya kulisha. Lakini wasimulieni watoto jongoo. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jiwe tupu lisiloota kitu. Mwaka 1971 Rene Haller akaanza kupanda mivinje. Ikaota, ila majani yake yakawa yanaanguka na hayaozi, udongo haupatikani. Wakaletwa jongoo, wakayala yale majani, kinyesi chao kikawa mbolea, na msitu ukasimama. Binti yangu alikuwa akiwakanyaga jongoo uani kwetu. Siku hizi huwaokota kwa kijiti akawapeleka kwenye mgomba.

Mkiwa na siku nzima, pitilizeni hadi Jumba la Mtwana, Mtwapa. Ni magofu ya mji wa Waswahili wa karne ya 14, chini ya mibuyu, pembeni mwa bahari, na mara nyingi mnakuta mko peke yenu. Bebeni wali wenu.

Hatua ya 6: Kila wiki nyumba moja ya jamaa

Samaki wa kupaka wa kweli sijamkuta katika mkahawa wowote. Yuko kwa mama mdogo, kwa shangazi, kwa ami aliyestaafu anayejua kuchoma. Piga simu kabla, usiende mikono mitupu, na umwombe mwenye nyumba amkalishe mtoto juu ya mbuzi akune nazi mwenyewe.

Maswali ya wanachama

*Mama wa mapacha, Kisauni:* Dada, wangu hawali pilipili kabisa. Kila kitu cha jioni kina pilipili. Nifanyeje?

Mamangu, mwambie muuzaji kabla hajanyunyiza. Kachiri, muhogo na mishkaki pilipili hutiwa mwisho. Ukwaju mwombe akutilie kando. Kaimati na vitumbua navyo havina pilipili.

*Baba wa wanne, yuko Doha:* Mke wangu ni Mkenya wa bara na hajawahi kuishi pwani. Anaogopa kwamba watu wa Mji wa Kale watamwona mgeni. Ni kweli?

Ndugu yangu, watamwona mgeni siku mbili, ya tatu watamwuliza mbona jana hakuja. Avae nguo ya heshima, leso begani, asalimie kabla ya kuuliza bei, na asipige watu picha bila ya kuwaomba. Mwanzo aende na wifi yake au mama mkwe.

*Msomaji wa Tudor:* Bila ya gari hizi hatua zinawezekana?

Zote tulizifanya bila ya gari, tulikuwa hatujanunua. Ndani ya kisiwa ni tuktuk. Mapatano ya bei yafanyike kabla ya kupanda. Bamburi na Mtwapa ni matatu. Jumba la Mtwana lina kipande cha kuingia ndani kutoka barabara kuu, hapo mchukue tuktuk.

*Shangazi wa Malindi:* Mwanangu, umesahau Ramadhani.

Sijasahau, shangazi, nilitaka kuiandikia yake peke yake. Kwa ufupi: mchana pamekufa, na kuanzia alasiri mitaa ya Mji wa Kale na Bondeni inajaa meza za vitafunio. Wachukueni watoto saa kumi na moja wachague kitu kimoja kimoja cha kufuturu. Baada ya tarawehe mji uko macho hadi usiku sana.

*Mama wa Jeddah:* Tunarudi Desemba kwa wiki tatu kwanza kuonja, kabla ya kuhama kabisa. Tuanze na ipi?

Karibuni, dada. Desemba ni kaskazi, joto linapanda na wageni wa likizo ni wengi, kwa hiyo kila jambo lisogezeni asubuhi sana au jioni. Hatua ya 1 msiiruke hata kama muda ni mfupi. Siku tano zitatosha. Pwani nitakusaidia kupanga. Niandikie tarehe ya Kiislamu mtakayofika, nikutazamie mwezi, nikwambie siku za maji mafu.