Printa ya PDF kwenye Linux, na rangi zinazogeuka kijivu

Wenzangu wa steshenari hapa Mwanjelwa mnaotumia Linux, kabla hujamwaga wino kwa majaribio, weka printa isiyo na mashine. Kwenye Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) ni amri moja, unaiandika kwenye Terminal:

sudo apt install printer-driver-cups-pdf

Ikimaliza, kwenye orodha ya printa itatokea moja inaitwa PDF. Ukichapa kupitia hiyo, karatasi haitoki popote. Faili linaangukia kwenye folda ya PDF ndani ya folda yako ya nyumbani. Mimi nililitafuta kwenye Downloads robo saa nzima, mteja kasimama.

Sasa rangi. Kadi ya mchango wa harusi, maua mekundu kabisa, ilinitokea kijivu kama ukungu wa Uyole asubuhi. Andika:

lpoptions -p PDF -l

Tafuta mstari wa ColorModel, yaani aina ya rangi. Thamani yenye kinyota ndiyo inayotumika. Kikiwa kwenye Gray, mchawi wako ndiye huyo. Chagua jina la rangi lililopo kwenye mstari huohuo, mara nyingi RGB:

lpoptions -p PDF -o ColorModel=RGB

Kama hapo pako sawa na bado ni kijivu, kagua LibreOffice, kama ndiyo programu unayochapia: kwenye mipangilio yake ya kuchapa kuna kisanduku cha kugeuza rangi kuwa kijivu. Kiondoe tiki.

Folda linakoangukia faili inabadilishwa kwenye /etc/cups/cups-pdf.conf, mstari wa Out, ila kwenye Ubuntu AppArmor (mlinzi wa mfumo anayezuia programu kugusa folda asizoruhusu) inaweza kugoma. Yangu nimeiacha palepale.