Somo: Kupanga posti mapema Mastodon, na saa zinavyotuchanganya

Habari zenu wanakikundi. Wengi mmeniuliza inakuwaje niko ziwani, simu haishiki mtandao, halafu posti yangu ya dagaa inatoka saa moja jioni kama kawaida. Niliahidi somo, na leo nimekaa kuliandika.

Kwa wageni: nauza dagaa na migebuka mikavu, nakaa Mwanga hapa Kigoma. Karibu kila wiki napanda boti Kibirizi kufuata mzigo vijiji vya kaskazini. Simu yangu hupoteza mtandao kabla hatujafika Gombe, na wateja wangu huingia mtandaoni jioni, wakati mimi ndio kwanza nahesabu magunia ufukweni. Bila kupanga posti mapema ningekuwa nauza siku mbili tu kwa wiki.

Mastodon ni mtandao wa kijamii usio na mwenyewe mmoja. Ni seva nyingi, yaani kompyuta zinazotunza akaunti na posti zetu, kila moja na msimamizi wake, zinazoelewana kwa lugha moja iitwayo ActivityPub, ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliipitisha Januari 2018. Ifikirie kama laini za simu: wewe una laini ya mtandao huu, shangazi yako ana ya mtandao ule, na bado mnapigiana. Shikeni jambo hili, maana somo zima linasimama juu yake: posti uliyoipanga inatunzwa na seva yako. Haimo kwenye simu, na seva nyingine hazijaiona bado. Saa ikifika, seva yako inaitoa na kuwapelekea wafuasi wako popote walipo.

Tena kule orodha ya nyumbani hufuata muda. Iliyotoka sasa hivi iko juu, ya asubuhi imeshazama. Hakuna mtambo wa kuamua kwamba posti yako ya saa tisa usiku ionyeshwe tena saa mbili asubuhi. Kwa hiyo saa ya kutoka ina uzito mkubwa kuliko mitandao mingine tuliyoizoea.

Hatua ya 1. Weka programu yenye uwezo wa kupanga. Seva za Mastodon zinajua kupanga posti tangu toleo la 2.7 la mwaka 2019, lakini ukifungua ukurasa wa kawaida wa Mastodon kwenye kivinjari hutakiona kitufe cha kupanga. Kwenye Android mimi natumia Tusky, ni ya bure. Unaandika jina la seva yako, inakupeleka kwenye seva uingie, unakubali, basi.

Hatua ya 2. Andika posti kamili. Seva nyingi zinaruhusu herufi 500. Weka picha, na chini ya kila picha andika maelezo yake kwa ajili ya wasioona. Nawaomba sana msiruke hapa. Usiandike "dagaa" tu. Andika "dagaa wakavu juu ya chanja, wadogo, weupe, hawana mchanga". Mteja wangu mmoja haoni kabisa, na hununua kwa maelezo hayo. Kisha weka alama ya reli na neno, mfano #Kigoma au #Dagaa, kwa sababu watu wasiokufuata watakupata zaidi kwa njia hiyo.

Hatua ya 3. Gusa alama ya saa iliyo chini ya sehemu ya kuandikia, chagua tarehe, chagua saa. Hapa ndipo watu wanapoteleza, kwa hiyo twende polepole.

Sisi tunasema saa moja jioni. Simu inasema 19:00. Seva nyuma ya pazia inahesabu kwa saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo kwake ni 16:00. Hesabu ya UTC programu itakufanyia yenyewe. Ya kutoka Kiswahili kwenda kwenye simu ni juu yako: kuanzia saa moja asubuhi ongeza sita, kuanzia saa moja jioni ongeza kumi na nane, na kuanzia saa sita usiku punguza sita. Saa mbili asubuhi ni 08:00. Saa saba mchana ni 13:00. Saa tatu usiku ni 21:00. Nimeona ndugu zetu wakitaka saa moja jioni wakachagua 01:00, posti ikatoka saa saba usiku wakati hata mbwa wamelala. Weka simu kwenye mfumo wa saa 24, utaepuka nusu ya makosa haya.

Kuna kosa jingine ambalo ni la sisi tunaokaa mpakani. Nilikuwa Kagunga, simu ikadaka mnara wa Burundi, na Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu ikajirudisha nyuma yenyewe, sikuangalia. Nikapanga posti ya 19:00, ikatoka saa mbili usiku kwa saa za Kigoma, na mteja wa jumla niliyemwambia aangalie saa moja akawa ameshanunua kwa mwingine. Iliniuma, maana ule mzigo ulikaa wiki nzima. Tangu siku ile nimezima kipengele cha simu kubadili ukanda wa saa yenyewe, nikachagua Dar es Salaam kwa mkono. Nanyi wa Kasulu na Kibondo mnaovuka mpaka, fanyeni hivyo leo.

Hatua ya 4. Bonyeza kitufe cha kupanga, kisha hakikisha. Fungua menyu ya pembeni, ingia kwenye orodha ya posti zilizopangwa. Ukiiona pale, seva imeipokea. Ukiikuta kwenye rasimu, bado iko kwenye simu na haitatoka kamwe. Fanya hivi ukiwa bado una bando na mtandao, kabla ya kushuka Kibirizi.

Mipaka yake: saa unayochagua iwe angalau dakika tano mbele. Kwa siku moja mwisho ni posti 25 zilizopangwa, na foleni nzima isizidi 300. Kwa biashara zetu hutafika huko.

Sasa upange nini, lini? Mimi nafuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa siku za giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi wanapumzika. Kwa hiyo nachukua kalenda ya mwezi wa Kiislamu, tarehe 13, 14 na 15 najua hakuna mzigo mpya, napanga posti za mawese na za namna ya kupika migebuka. Giza likirudi, napanga za dagaa, lakini siandiki bei wala idadi ya magunia mapema. Ziwa halina ahadi. Mwaka 2024 uvuvi upande wetu wa Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ungekuwa umejaza foleni ya "mzigo mpya kila Jumatatu" ungeonekana tapeli bila kukusudia. Kila Jumapili jioni napitia foleni yote na kufuta kisichofaa.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Dada, simu yangu ikizima chaji saa ileile, posti itatoka?
Itatoka, kaka. Hata simu ikitumbukia ziwani itatoka. Anayeitoa ni seva.

Mimi ni mwalimu, natumia kompyuta ya mezani tu. Nifanyeje?
Shikamoo mwalimu. Fungua Phanpy kwenye kivinjari, ni ukurasa wa kutumia Mastodon na unaweza kupangia posti humo. Ipo pia Buffer, nzuri kama una akaunti za mitandao mingine unataka kuzipanga pamoja. Ila tofauti ni hii: ukitumia Buffer, posti inasubiri kwao na si kwenye seva yako, na ukanda wa saa unauchagua ndani ya mipangilio yao. Uangalie kwanza.

Nimepanga, nikakuta nimekosea bei. Nairekebishaje?
Seva yenyewe inakubali kubadili saa tu, si maneno. Ndiyo maana ukigusa kuhariri, programu huweka posti mpya na kuondoa ya zamani. Rudi kwenye orodha uhakikishe zimebaki moja, si mbili. Ikishatoka hewani unaweza kuihariri kama kawaida, uwezo huo upo tangu 2022.

Nataka kupanga mnyororo, posti ya pili ijibu ya kwanza. Inakataa.
Haiwezekani, mdogo wangu. Posti ambayo haijatoka haina namba, na jibu linahitaji namba ya kujibia. Panga ya kwanza, ikitoka ndipo uiambatanishie majibu. Mimi nimeamua kubana maneno yaingie kwenye 500.

Seva ikiwa imezimika saa ile je? Na nikihamia seva nyingine?
Ikiamka itatoa zilizochelewa, kwa hiyo kama tangazo lilikuwa la saa maalumu, angalia. Kuhama ni jambo tofauti: wafuasi wanahama nawe, posti hazihami, na za foleni hazihami vilevile. Nakili maneno yako kabla hujahama.

Msimamizi wa seva anaweza kuona nilichopanga?
Kiko kwenye hifadhidata anayoisimamia, kwa hiyo chukulia kwamba anaweza. Usiweke huko namba za siri wala jambo la familia ambalo hutaki mtu alijue.

Dada, likitokea la ghafla, tuseme msiba, uko mbali na foleni imejaa?
Asante kwa kuuliza, maana yamenikuta. Mwaka jana tulimpoteza mama mdogo, Ujiji. Niko matangani, simu nimeizima, na posti yangu ya "karibuni tufurahi na migebuka" ikatoka saa moja kamili. Watu walioniona msibani mchana wakashangaa, wengine wakaumia, na walikuwa na haki. Foleni iko kwenye seva, kwa hiyo inaonekana kwenye simu yoyote uliyoingiza akaunti yako. Nimeiingiza kwenye simu ya mdogo wangu anayebaki Mwanga. Nikimpigia au akisikia jambo kabla yangu, anafungua orodha na kufuta za siku tatu mbele, hasubiri ruhusa.