Uzamili wa uongozi wa elimu na haki ya kijamii kwa njia ya mtandao: anza na tatizo la shule, chuo kitafuata

Wengi huanza kwa kulinganisha vyuo: ada kiasi gani, jina lina uzito gani, masomo yanachukua muda gani. Kwa fani hii huo ni mwanzo mbaya. Uongozi wa elimu kwa ajili ya haki ya kijamii huuliza nani ananufaika na shule jinsi ilivyo, nani anaachwa pembeni, na kiongozi ana uwezo gani wa kubadili hali hiyo. Karibu kila kazi utakayopewa, tangu muhula wa kwanza, itakutaka uitazame shule au taasisi halisi kwa jicho hilo. Asiye na shule ya kuitazama huishia kuandika maneno makubwa yanayoelea hewani, na wasahihishaji humjua kwenye ukurasa wa kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kufungua tovuti ya chuo chochote, andika sentensi moja inayotaja tatizo. "Napenda usawa katika elimu" si tatizo. "Wanafunzi wenye ulemavu shuleni kwetu husimamishwa masomo kuliko wenzao, na hakuna anayehesabu" ni tatizo: lina watu, lina tendo, lina mahali, tena linapimika. Kisha jiulize maswali mawili. Takwimu zake unaweza kuzipata kihalali? Pale shuleni kuna mwenye cheo ambaye hatakuzuia kuuliza? Ukijibu hapana mara mbili, badilisha tatizo sasa hivi, usingoje mwaka wa pili.

Shahada ipi, na inatambulika wapi

Uzamili unamtosha anayetaka kuongoza shule, idara au mradi. Uzamivu una njia mbili. PhD humwandaa mtafiti, na tasnifu yake inatakiwa kuongeza kitu kwenye nadharia. EdD, yaani uzamivu wa elimu, humwandaa kiongozi aliyeko kazini, na tasnifu yake hushughulikia tatizo la utendaji pale alipo. Mwaka 2007 vyuo kadhaa vya Marekani vilianzisha mradi uitwao Carnegie Project on the Education Doctorate ili kuipa EdD sura yake, isibaki PhD iliyopunguzwa makali. Kanuni ya kwanza ya mradi huo inataka shahada ijengwe juu ya maswali ya usawa, maadili na haki ya kijamii. Chuo kikikuambia kinafuata mfumo huo, omba kuona tasnifu mbili tatu za waliohitimu. Ikiwa zote ni dodoso la walimu 200 na majedwali, bila hatua yoyote iliyojaribiwa shuleni, jina na kilichomo haviendani.

Leseni ni jambo la pembeni yake, nalo huwaumiza wengi. Shahada yenye neno "uongozi" haikupi ruhusa ya kuwa mkuu wa shule. Marekani, kwa mfano, kila jimbo lina masharti yake, na kwa kawaida hudai mafunzo ya vitendo chini ya mkuu wa shule mwenye leseni. Programu ya mtandaoni inaweza kuwa halali kabisa ilikosajiliwa lakini isikupe leseni unapoishi. Vyuo vingi vina programu mbili zenye majina yanayokaribiana, moja ya leseni na nyingine isiyo ya leseni. Hii ya pili huwa rahisi zaidi kuisoma kwa mbali.

Ithibati usiithibitishe kwenye tovuti ya chuo chenyewe. Vyuo feki vina hata vyombo feki vya kuvipa ithibati, vyenye nembo za kupendeza. Nenda kwenye orodha rasmi ya nchi: Marekani kuna ya Wizara ya Elimu na ya CHEA, baraza la ithibati ya elimu ya juu, Uingereza kuna rejista ya Office for Students, msimamizi wa vyuo. Kisha iandikie mamlaka ya elimu ya juu ya nchi utakakoitumia shahada, uulize kama wanatambua shahada iliyosomwa mtandaoni kutoka chuo hicho. Jibu lije kwa maandishi, nawe ulihifadhi.

Hesabu ya saa

Hapa ndipo watu wenye kazi na familia huanguka, kwa sababu matangazo husema "soma kwa muda wako" na hayasemi ni muda kiasi gani. Piga hesabu mwenyewe. Uzamili wa Marekani huwa na krediti 30 hadi 36 hivi. Krediti 1 ni saa 1 ya darasa na saa 2 za kujisomea kila wiki kwa wiki kama 15, yaani saa 45. Kozi ya krediti 3 ni saa 135. Ikienda wiki 15, unahitaji saa 9 kwa wiki. Ikibanwa katika wiki 8, ni karibu saa 17. Ukichukua mbili kwa pamoja ndani ya wiki 8, umefika saa 34, yaani umejiajiri mara ya pili. Uingereza uzamili ni krediti 180, na kila krediti ni saa 10, jumla saa 1,800. Kwa miaka 2 ya wiki 45 kila mmoja, ni saa 20 kwa wiki. Ulaya bara krediti moja ya ECTS, mfumo wa krediti wa Ulaya, ni saa 25 hadi 30.

Saa hizo zipange juu ya kalenda ya kazi yako, si juu ya mwezi mtupu. Mwalimu anayesoma kozi ya wiki 8 inayoangukia wiki za mitihani na kufunga shule huwa ameshachelewa kabla hajaanza. Kama chuo kinaruhusu kuruka muhula mmoja bila kulipa upya, ulizia masharti yake kabla ya kujiandikisha. Vipindi vya mubashara navyo viulizie saa kamili, kwa UTC, yaani saa ya kimataifa. Kipindi cha jioni kwa mhadhiri kinaweza kuwa saa tisa za usiku kwako, na kuna nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma mara mbili kwa mwaka, hivyo kipindi hicho hicho huhama katikati ya muhula.

Kuisoma mitaala kwa jicho kali

Maneno "haki ya kijamii" huuza siku hizi, kwa hiyo yamebandikwa hata yasipostahili. Dalili ni hii: kozi moja ya hiari yenye jina hilo, na nyingine zote, bajeti, sheria, usimamizi wa watumishi, zinafundishwa kama ambavyo zingefundishwa popote. Katika programu iliyokomaa, kozi ya bajeti yenyewe ndiyo inayouliza fedha ya maktaba ilienda mkondo gani na nani alikaa mezani ilipogawanywa. Omba orodha ya usomaji. Haihitaji kuwa na kila mtu, lakini isipomgusa yeyote kati ya wasomi wanaosomwa sana katika fani hii, Paulo Freire, Gloria Ladson-Billings, Kimberlé Crenshaw, Carolyn Shields, George Theoharis wala Muhammad Khalifa, uliza wanasoma nani badala yao.

Wasomi hawa si mapambo ya kunukuu. Kila mmoja hukupa swali la kuuliza. Mwaka 2006 Ladson-Billings alipendekeza tuache kusema "pengo la ufaulu" na tuseme "deni la elimu". Ukisema pengo, macho humwendea mtoto aliyebaki nyuma. Ukisema deni, macho humtafuta anayedaiwa. Mwanafalsafa Nancy Fraser naye hutazama haki kwa pande tatu: mgao, utambuzi na uwakilishi. Chukua kikao cha wazazi. Kufanyika saa za kazi ni suala la mgao, kwani mzazi wa kibarua atapoteza ujira wa siku. Kuendeshwa kwa lugha ambayo nusu ya wazazi hawaimudu ni suala la utambuzi. Kuwaita wakati uamuzi umeshapita ni suala la uwakilishi. Aya moja ya namna hiyo ina thamani kuliko kurasa tatu za kueleza Fraser ni nani.

Maombi

Wadhamini, yaani watakaokuandikia barua za mapendekezo, waandikie wiki 6 kabla ya tarehe ya mwisho, uwape sentensi yako ya tatizo na wasifu wako. Hati za matokeo huchelewa, basi zianze hizo. Barua ya nia ndiyo inayoamua. Kama wanataka maneno 700, gawa hivi: 150 kuhusu tatizo, 200 kuhusu ulichojaribu na pale kilipokwama, 150 kuhusu usichokijua bado, 150 kwa nini programu hii kwa kutaja kozi mbili zake, na 50 kuhusu muda utakaoutenga. Sehemu ya "kilipokwama" watu huikwepa kwa kuona haya, ilhali ndiyo inayoonyesha kwamba umewahi kuongoza kitu. Epuka kujieleza kama mkombozi wa watoto wanyonge. Wasomaji wa fani hii hupata baridi wakiona hivyo, na wana haki.

Ukaguzi wa usawa, kazi utakayoifanya mapema

Programu nyingi huanza na zoezi la kukagua takwimu za shule kwa makundi. Tuseme shule ina wanafunzi 600, na kati yao 48 wana ulemavu. Mwaka huu wanafunzi 50 walisimamishwa masomo angalau mara moja, 10 kati yao wakiwa na ulemavu. Ripoti ya haraka itasema wanafunzi 40 kati ya 50 hawana ulemavu, hivyo hakuna upendeleo. Hiyo ni hesabu ya kujifariji. Gawanya kila kundi kwa ukubwa wake: 10 kwa 48 ni karibu asilimia 21, na 40 kwa 552 ni kama asilimia 7. Mwanafunzi mwenye ulemavu amesimamishwa kwa kiwango cha karibu mara 3.

Makosa yanayofuata ni yale yale kila mwaka. La kwanza, kuchanganya matukio na watu: daftari likionyesha 10, je, ni wanafunzi 10, au mmoja aliyesimamishwa mara 10? Kila hali ina tiba yake. La pili, kukata kundi dogo vipande vidogo zaidi. Ukiwagawa hao 10 kwa jinsia, darasa na aina ya ulemavu, utabaki na visanduku vya mtoto mmoja, na kila mtu shuleni atajua ni nani. Visanduku vidogo viunganishe au uvifiche. La tatu, kuishia kwenye namba. Fungua daftari la nidhamu usome makosa yalivyoandikwa. "Kupigana" kuna mipaka inayojulikana. "Ukaidi" na "utovu wa heshima" hutegemea nani alikuwa anatazama, basi anza na hayo, uangalie ni vipindi gani na walimu wangapi ndio waliowaandika.

Matokeo hayo usiyabebe moja kwa moja kwenye kikao cha walimu wote. Mwaka 2007 Theoharis alichapisha utafiti kuhusu wakuu wa shule waliotanguliza haki, na upinzani waliokumbana nao ni sehemu kubwa ya anachoeleza. Mwonyeshe kwanza mkuu wako, kisha walimu wawili watatu wanaoaminiwa na wenzao, na uwaache waikosoe hesabu. Mara nyingi wataona kitu ambacho daftari halisemi.

Wiki ya kawaida

Usomaji pakua wote mwanzoni mwa wiki, intaneti ikiwa nzuri. Mkutano wa video wa kundi unaweza kula GB 1 au zaidi kwa saa, kwa hiyo zima kamera pale inaporuhusiwa, na uwe na namba ya kujiunga kwa simu kama chuo kinatoa. Kila makala iandikie mistari minne: inadai nini, kwa ushahidi gani, inamsahau nani, inagusa wapi tatizo langu. Marejeo yaweke kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, tangu siku ya kwanza. Ni ya bure, na kukusanya marejeo 90 usiku wa mwisho ni adhabu ya kujitakia. Kwenye jukwaa la majadiliano, jibu la "nakubaliana nawe kabisa" halina alama. Toa mfano unaopingana, au uliza swali ambalo mwenzako atalazimika kurudi kwenye maandishi ili alijibu.

Mradi wa mwisho na mamlaka yako

Kutafiti mahali unapofanya kazi kuna mtego wake. Ukiwa mkuu wa idara na ukamwomba mwalimu aliye chini yako akubali mahojiano, "ndiyo" yake haina uhuru kamili, na kamati ya maadili ya utafiti italiona hilo. Mpe mtu mwingine asiye na cheo juu yao awaalike, au tafiti idara usiyoisimamia. Watoto wanahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi na kukubali kwao wenyewe, na mtoto akikataa, sahihi ya mzazi haimlazimishi. Tenga wiki 6 hadi 10 kwa kibali, maana fomu hurudishwa kwa mambo madogo, na usikusanye chochote kabla hakijatoka. Takwimu zilizotangulia kibali zinaweza kukataliwa zote.

Kubadili majina hakutoshi kuwaficha watu. "Mwalimu wa kike wa fizikia, mwenye miaka 20 kazini" ni mtu mmoja tu katika shule ndogo, hata umwite nani. Ondoa somo, au ondoa jinsia, au sema "mwalimu mzoefu" uishie hapo. Kabla ya kuwasilisha, mrudishie kila mhojiwa sehemu inayomhusu aisome, na ufute jina la shule kwenye majina ya mafaili, kwenye picha za skrini na kwenye ukurasa wa shukrani. Kwenye shukrani ndipo hutajwa mara nyingi zaidi, kwa nia njema kabisa.