Ganda, gamba au gome? Anza na kitenzi

Nahariri vitabu vya watoto, na neno ninalolipiga kalamu nyekundu kuliko yote ni "ganda". Mwandishi akikosa jina la kitu kinachofunika kingine, hubandika hilo hilo: ganda la mti, ganda la samaki, ganda la nazi. Nikikutana nalo hufanya hivi.

Hatua ya 1: Iache nomino, tafuta kitenzi. Kifuniko hicho huondolewaje? Ndizi na muhogo humenywa. Hapo ganda ni sawa. Samaki huparwa, kwa hiyo ana magamba. Mti huambuliwa gome. Mpunga hukobolewa, na kinachopeperuka kwenye ungo ni makapi. Ukishapata kitenzi, jina halikawii kuja.

Hatua ya 2: Hesabu tabaka. Hapa ndipo nilipoumbuka. Nilipitisha "ganda la nazi" kwenye hadithi, shangazi yangu wa Unguja akaisoma na kuniuliza: "Ganda lipi, mwanangu? La kufua au la kuvunja?" Nazi hufuliwa kwanza kwenye kifuo, ule mti wa ncha uliosimikwa ardhini. Yanatoka makumbi, ambayo wanawake wa huko huyafukia kwenye mchanga wa ufukweni kwa miezi, kisha huyafukua, huyaponda na kusokota kamba. Ndani yake kuna kifuu. Hicho huvunjwa, nazi ikakunwa kwenye mbuzi, na kifuu kizuri hakitupwi: hutiwa mpini kikawa upawa wa kupakulia mchuzi. Mimi yote hayo niliyafunika kwa neno moja.

Hatua ya 3: Je, mwenyewe hujivua? Nyoka hujivua gamba. Ndiyo maana CCM, chama tawala cha Tanzania, ilipotangaza "kujivua gamba" mwaka 2011, yaani kuwaondoa viongozi wanaotuhumiwa ufisadi, hakuna aliyehitaji kamusi. Wapinzani nao hawakuchelewa, wakaanza kuwaita wanachama wake "magamba". Ingekuwa "kujivua ganda", watu wangedhani chama kimegeuka ndizi.

Hatua ya 4: Vya kutengenezwa vina majina yake: panga lina ala, kitabu kina jalada, mto una foronya. Risasi ndiyo inayoshangaza, maana polisi huokota maganda ya risasi, si magamba, na ukifikiri kidogo utaona ni sawa: cha ndani kimetoka, kimebaki kilichokifunika. Yai nalo lina ganda. Likishabaki tupu, wazee huliita kaka.

Hatua ya 5: Soma kwa sauti. Ganda ni kitenzi pia, na mtoto wa darasa la pili akikutana na "mafuta ya maganda ya machungwa yameganda" atarudia mstari mara tatu. Mimi huandika "yameshikana", naendelea na ukurasa unaofuata.