"command not found" baada ya kusasisha Node, Python au Go: tafuta faili kwanza

Umesasisha zana zako kwenye Ubuntu, hakuna kosa lililojitokeza, kisha amri ya kila siku inagoma. Usikimbilie kusakinisha upya. Mara nyingi programu ipo palepale. Sheli (programu inayopokea amri unazoandika; hapa ni Bash) ndiyo haijui ilipo.

1. Soma ujumbe neno kwa neno

`bash: tsc: command not found`: Bash imepekua folda zote zilizomo kwenye PATH (orodha ya folda ambamo hutafuta programu), haikukuta `tsc`, amri ya TypeScript.

`bash: /usr/bin/node: No such file or directory`: Bash inang'ang'ania njia ya zamani iliyoikariri. Andika `hash -r`, ujaribu tena. Tatizo huwa limeishia hapo.

`bad interpreter`, au kwenye Bash mpya kama ya Ubuntu 24.04, `cannot execute: required file not found`: faili ipo, ila mstari wake wa kwanza unaita Python ambayo imeshaondolewa.

2. Tafuta faili

```
type -a tsc
find ~ /usr/local /opt -name tsc -not -type d 2>/dev/null
```

Tuseme `find` inaleta `~/.nvm/versions/node/v20.11.0/bin/tsc`, na wewe sasa uko Node 22. Jibu umelipata: nvm (zana ya kusimamia matoleo ya Node) huipa kila toleo folda yake ya `bin`, na vifurushi vya `npm install -g` havihami vyenyewe. Vihamishe:

```
nvm use 22
nvm reinstall-packages 20
nvm alias default 22
```

Mstari wa mwisho usiuruke, la sivyo terminali mpya itakurudisha kwenye toleo la zamani.

3. Kagua PATH

```
echo "$PATH" | tr ':' '\n'
```

Kama folda uliyoipata haimo, iongeze mwishoni mwa `~/.bashrc`, faili ambayo Bash huisoma kila unapofungua terminali. Kwa Go zinahitajika mbili: ya `go` yenyewe, na ile ambamo `go install` huweka programu zake.

```
export PATH="$HOME/go/bin:/usr/local/go/bin:$PATH"
```

Kisha `source ~/.bashrc`. Ukisahau `$PATH` pale mwishoni, hata `ls` itapotea. Usitaharuki: fungua `/usr/bin/nano ~/.bashrc` kwa njia kamili, urekebishe, ufungue terminali nyingine.

`~/.local/bin` ina vituko vyake. Faili ya `~/.profile` ya Ubuntu huiongeza kwenye PATH endapo tu folda hiyo ilikuwepo ulipoingia. Kama imeundwa leo, toka kwenye akaunti yako uingie tena.

4. Python baada ya kupandisha Ubuntu

Ubuntu 22.04 ina Python 3.10, 24.04 ina 3.12. Vifurushi vyako vimebaki `~/.local/lib/python3.10`, ambako Python mpya haitazami. Angalia `head -1 ~/.local/bin/black`: ikitaja `python3.10`, utapata `cannot execute: required file not found` (zamani `bad interpreter`). Ikitaja `python3` tu, utapata `ModuleNotFoundError`. Dawa ni moja, pipx, ambayo huipa kila programu ya Python mazingira yake:

```
rm ~/.local/bin/black
sudo apt install pipx
pipx install black
pipx ensurepath
```

Faili kuukuu ifutwe kwanza, kwa sababu pipx haiandiki juu yake. Na pip (kisakinishi cha vifurushi vya Python) ikikugomea kwa `externally-managed-environment`, usiilazimishe kwa `--break-system-packages`. Python hiyo inategemewa na mfumo wenyewe.

5. Inafanya kazi, ila kwa sudo haipatikani

Sudo (amri ya kuendesha programu kwa mamlaka ya msimamizi) haitumii PATH yako; ina orodha yake, `secure_path`, ndani ya `/etc/sudoers`. Usiiguse. Ipe njia kamili:

```
sudo "$(command -v node)" seva.js
```