Maua ya nyuki: anzeni na kivumbasi

Kwa vikundi vya kujitolea vinavyotunza msitu wa kijiji na vinataka kuwaongezea nyuki chakula: msihangaike na mbegu za maua za dukani. Kivumbasi kinatosha kuanzia. Ni mmea wa kwetu, na kikichanua nyuki hawabanduki. Kateni vichwa vya maua vilivyokauka, visugueni viganjani mpaka vijimbegu vidondoke. Vichanganyeni na mchanga mkavu ili visirundikane, kisha mwageni masika yanapoanza, juu ya udongo uliokwanguliwa nyasi. Msifukie kwa kina, mbegu ndogo namna ile ikizama haichomozi.

Pandeni pembezoni penye jua, siyo chini ya miti mikubwa. Na palilieni mapema, kwani nyasi ndizo zinazomaliza miche.

Lantana, kile kichaka chenye vishada vya maua ya rangi mchanganyiko, ing'oeni hata kama wadudu wanaifuata. Najua inauma kung'oa kitu kilichochanua, lakini asili yake ni Amerika ya kitropiki, na ikishika msitu miche ya miti yetu haipati pa kukua. Ing'oeni na mizizi yake kabla haijazaa, maana ndege hula matunda na kusambaza mbegu kila mahali.

Siku ya usafi, tafadhali msiondoe magogo yote makavu. Wale nyuki wakubwa weusi hutoboa humo na kutagia, na nyuki wasiouma hukaa kwenye mapango ya miti mizee. Acheni pia vipande vya ardhi tupu, kuna nyuki wanaochimba vishimo vyao humo.