Kuchagua Chuo cha Shahada ya Kwanza Marekani kwa Anayelenga Udaktari

Mzazi aliyesoma Tanzania au Kenya anapohamia Marekani huja na picha moja ya njia ya udaktari. Katika picha hiyo mwanafunzi anamaliza kidato cha sita akiwa na tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na biolojia), au kidato cha nne kwa upande wa Kenya, na alama zikitosha anaingia chuo cha tiba moja kwa moja. Muhimbili, kwa mfano, ni miaka 5 ya masomo, kisha mwaka 1 wa mafunzo kazini. Marekani njia hiyo haipo kwa walio wengi. Mwanafunzi husoma kwanza shahada ya kwanza kwa miaka 4, halafu huomba upya kabisa nafasi ya chuo cha udaktari cha miaka 4 mingine, na baada ya hapo huingia mafunzo ya ubingwa yanayochukua miaka 3 hadi 7 kutegemea fani. Kwa hiyo swali la kujiuliza mtoto akiwa sekondari si chuo kipi kina kitivo cha tiba chenye jina, bali ni wapi atakapotoka baada ya miaka 4 akiwa na alama za juu, deni dogo, na wahadhiri wanaomfahamu vya kutosha kumwandikia barua yenye uzito.

Ieleweke mapema kwamba hakuna shahada inayoitwa primedi. Neno hilo lina maana tu ya mwanafunzi anayechukua masomo yanayodaiwa na vyuo vya udaktari, ambayo kwa kawaida ni biolojia, kemia ya jumla, kemia ogania na fizikia, kila moja kwa mwaka mzima pamoja na maabara, kisha biokemia, Kiingereza, na mara nyingi takwimu au saikolojia. Nje ya hayo mwanafunzi yu huru kusomea historia, uchumi au muziki, na wapo wanaofanya hivyo na kupokelewa. Kwa sababu hiyo chuo kisipewe sifa ya ziada eti kwa kuwa kina shahada yenye jina la kitabibu. Kipimwe kwa namna kinavyofundisha yale masomo machache ya msingi.

Kabla ya kwenda mbali, familia iangalie hati za uhamiaji. Vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havipokei wanafunzi wenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi wa kigeni, na vile vichache vinavyowapokea huweza kudai uthibitisho wa fedha za miaka yote 4. Mwenye grinikadi huomba nafasi karibu sawa na raia, ilhali kwa wakimbizi na waliopewa hifadhi kila chuo kina utaratibu wake, nao unafaa kuulizwa kwa maandishi. Vilevile, aliyekwisha kupata shahada nyumbani asidhani kwamba itamtosha, kwa kuwa vyuo vingi vya udaktari hutaka masomo ya msingi yawe yamefanywa Marekani au Kanada.

Sasa tuje kwenye alama, maana hapa ndipo uchaguzi wa chuo unapomjenga au kumbomoa mwanafunzi. Mwaka 2024 waombaji wa vyuo vinavyotoa shahada ya MD, yaani ya udaktari, walikuwa kama 52,000, na walioanza masomo ni 23,000 hivi. Wastani wa alama za walioingia ulikaribia 3.8 kati ya 4.0, na katika MCAT, mtihani wa kuombea vyuo vya udaktari ambao alama zake huanzia 472 hadi kufikia 528, wastani wao ulikuwa kama 512. Mwombaji hujaza fomu za pamoja ziitwazo AMCAS, na fomu hizo hukokotoa upya alama zake zote, kisha hutoa wastani wa pekee wa biolojia, kemia, fizikia na hisabati. Tuseme mwanafunzi ana krediti 40 za masomo hayo, akapata C katika kozi 2 za kemia zenye krediti 4 kila moja, na A kwingine kote (A huhesabiwa 4, na C huhesabiwa 2). Wastani wake wa sayansi utakuwa 3.6. Akizirudia kozi hizo na kupata A, chuo chake huenda kikafuta zile C na kuonyesha 4.0 safi, lakini AMCAS huhesabu mara zote mbili na kumwachia 3.67. Muhula mmoja mbaya akiwa na umri wa miaka 18 humfuata hadi mezani kwa kamati ya udahili.

Ndiyo maana chuo kigumu chenye jina kubwa si lazima kiwe chaguo bora. Katika baadhi ya vyuo kozi ya kwanza ya kemia hufundishwa kwa makusudi ya kuchuja: ukumbi una wanafunzi mia kadhaa, alama hutolewa kwa kuwalinganisha wao kwa wao, na anayeteleza huonekana kuwa hakustahili. Wapo wanaostawi katika mazingira hayo. Ila mtoto aliyetoka shule ya sekondari isiyokuwa na maabara ya maana, hata kama alikuwa wa kwanza darasani, anahitaji mahali ambapo kuteleza kunatazamwa kama jambo la kurekebishwa wiki hiyohiyo.

Mfano ninaoupenda ni Xavier cha New Orleans, chuo kidogo cha Kikatoliki cha Wamarekani Weusi kilichoanzishwa na Katharine Drexel, yule ambaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2000. Hakina utajiri wa vyuo vikongwe vya pwani ya mashariki, na wanafunzi wake wengi hawatoki katika familia zenye fedha, lakini kwa miongo kadhaa kimekuwa miongoni mwa vyuo vinavyopeleka wanafunzi Weusi wengi zaidi katika udaktari. Kinachosimuliwa kuhusu njia yao hakina muujiza wowote. Kozi za mwanzo za sayansi hupangwa kwa pamoja badala ya kila mwalimu kufuata lake, mazoezi na majaribio ni ya mara kwa mara ili udhaifu uonekane kabla ya mtihani mkubwa, wanafunzi husoma kwa vikundi wakisaidiwa na waliowatangulia, na ushauri wa maombi ya udaktari huanza mwaka wa kwanza. Si kusudi langu kumtuma kila mtoto New Orleans. Nasema tu kwamba hivi ndivyo vitu vya kuvitafuta hata katika chuo cha serikali kilicho dakika 20 kutoka nyumbani.

Hapo kuna mtego ambao vipeperushi vya vyuo haviuelezi. Chuo kitaandika kwamba asilimia 90 ya wanafunzi wake walioomba udaktari walipokelewa, na mzazi akisoma hivyo moyo hutulia. Lakini vyuo vingi vina kamati inayoandika barua rasmi ya kumdhamini mwombaji, na baadhi ya kamati hizo hukataa kumwandikia barua yule zinayemwona dhaifu, au humshawishi asiombe. Chukua hesabu ya kubuni: wanafunzi 200 wanaanza mwaka wa kwanza wakitaka udaktari, 160 wanaacha njiani au wananyimwa barua, 40 wanaomba, 36 wanapokelewa. Hiyo nayo ni asilimia 90. Swali la kuuliza, basi, ni wangapi walioanza, wangapi walioomba, na ni alama gani zinazohitajika ili kamati ikuandikie. Mshauri akijibu kwa tarakimu, unaweza kuendelea kumsikiliza.

Fedha nazo zina uzito kuliko zilivyokuwa miaka michache iliyopita. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imeondoa mkopo wa serikali kuu uitwao Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, na imeweka ukomo wa dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla kwa wanaosomea taaluma kama udaktari. Katika vyuo vingi vya binafsi gharama ya miaka 4 ya udaktari, ukijumlisha na maisha, hupita dola 300,000. Pengo hilo huzibwa na ufadhili wa chuo, akiba ya familia au mikopo ya benki, na benki hazimkopeshi kwa furaha mtu anayekuja na deni la shahada ya kwanza mgongoni. Ni kweli vipo vyuo vya udaktari visivyotoza ada, kama cha NYU (Chuo Kikuu cha New York) tangu 2018 na chuo cha tiba cha Albert Einstein tangu 2024, lakini hakuna anayepanga maisha ya familia kwa kutegemea nafasi hizo. Baina ya chuo cha jimbo kinachomsomesha mtoto karibu bure na chuo maarufu kinachomwachia deni la dola 120,000, mimi huchagua cha kwanza, na hadi sasa sijasikia hoja ya kunibadilisha.

Jimbo lenyewe lina maana pia. Vyuo vya udaktari vya umma hupendelea wakazi wa jimbo lao. Texas, kwa mfano, huwatengea wakazi wake angalau asilimia 90 ya nafasi katika vyuo vyake vya umma, na ina mfumo wake wa maombi uitwao TMDSAS. Mtoto anayesoma shahada ya kwanza katika jimbo jingine, huku akitegemea wazazi walioko nyumbani, mara nyingi hubaki kuhesabiwa mkazi wa jimbo la wazazi. Familia inayofikiria kuhama katikati ya miaka hiyo iliangalie jambo hili kabla ya kufunga mizigo.

Angalia vilevile hospitali iko wapi. Kamati za udahili hutaka kuona kwamba mwombaji amewahi kukaa karibu na wagonjwa, na kazi ya msaidizi wa muuguzi ya saa 8 kila Jumamosi haiwezekani ikiwa hospitali iko mwendo wa saa nzima na mwanafunzi hana gari. Kwa watoto wetu kuna mlango mmoja ambao wengi huupita bila kuuona. Katika miji yenye Wakongomani wengi, kama Lexington na Louisville za Kentucky, hospitali zinahitaji wakalimani wa Kiswahili. Mtoto aliyezoea kumtafsiria bibi yake kwa daktari anadhani anaijua kazi hiyo, kumbe ukalimani wa hospitali una maadili yake na msamiati wake, na vyeti vya kitaifa hudai mafunzo ya angalau saa 40. Akiwa na umri wa miaka 18 na mafunzo hayo, atakuwa amekaa chumba kimoja na madaktari na wagonjwa mara nyingi kuliko wenzake wengi wanaohesabu saa za kumfuata daktari koridoni.

Zipo programu zinazounganisha shahada mbili, kama ile ya Chuo Kikuu cha Brown ya miaka 8 au ya Chuo Kikuu cha Missouri-Kansas City ya miaka 6. Nafasi zake ni chache, na humfaa kijana ambaye hana shaka yoyote akiwa na miaka 17. Mwenye shaka apite njia ya kawaida.

Mkienda kutembelea chuo, msiridhike na msafara rasmi. Nilipomsindikiza mpwa wangu, tulionyeshwa ukumbi mpya wa mazoezi na bwalo lenye aina 4 za piza, na kila mtu alitabasamu. Tulipoomba kuona chumba cha msaada wa kemia, kijana aliyetuongoza alisita kidogo kisha akatupeleka ghorofa ya chini. Mlangoni palibandikwa ratiba iliyoandikwa kwa kalamu: Jumapili hadi Alhamisi, saa 1 jioni hadi saa 4 usiku. Ndani walikuwamo wanafunzi kama 12, ubao umejaa michoro ya molekuli, na msichana mmoja wa mwaka wa tatu alikuwa akimweleza mwenzake kosa lake bila haraka. Mpwa wangu aliuliza maswali mawili tu: kama chumba hujaa wiki ya mtihani, na kama wahadhiri huwa wanashuka huku. Lile la kwanza lilijibiwa kwa kicheko, na la pili kwa jina la mhadhiri anayekuja kila Jumatano. Tulijifunza mengi pale kuliko katika saa 2 zilizotangulia.

Barua za ufadhili zikishafika, ziwekeni mezani pamoja kabla ya Mei 1, siku ambayo vyuo vingi hutaka amana ilipwe. Katika kila barua tenganisheni ruzuku na mkopo, kwa maana vyuo vingine huvichanganya katika jumla moja inayovutia macho, kisha zidisheni pengo linalobaki kwa miaka 4. Ikiwa chuo kimoja kimetoa kidogo kuliko kingine cha hadhi ileile, pigeni simu ofisi ya ufadhili, mtume nakala ya barua ile nyingine, na mwombe kwa heshima wafikirie upya. Wakati mwingine hukubali.